Sikio la Salome Zerbe

Miaka ile ndege za barua zilipoanza kuvuka milima yetu ya Pennsylvania, Salome Zerbe ndiye aliyekuwa sikio la kiwanja cha ndege. Hakuajiriwa na mtu. Ndege ikipita juu ya paa lake, aliacha kukanda unga, akapiga simu kiwanjani, ng'ambo ya mlima, na kusema, "Kapita." Rubani akikawia kutua baada ya hapo, walijua wakamtafute upande wao, si upande wetu.

Alilionea fahari sikio lile, na mumewe Enos hakuacha kumtania.

"Huyu anamsikia rubani akipiga chafya huko juu," alituambia, "lakini mimi nikiomba kahawa, kiziwi!"

"Kahawa ina injini?" Salome alimjibu.

Rubani aliyempenda zaidi ni Orrin Tate. Kijana huyo alikuwa akishuka chini kabisa juu ya nyumba na kudondosha gazeti uani, kuku wakatawanyika, naye Salome akamtumia pai ya tufaha kwa lori la maziwa. Walipendana hivyo bila kuonana hata siku moja.

Januari moja ukungu ulijaa bonde zima, na simu ikalia kwa Salome.

"Mama Zerbe, Tate keshapita hapo?" aliuliza karani wa kiwanja. "Amechelewa."

Salome alitoka barazani. Injini ilikuwa ikinguruma kwa mbali, upande wa mlimani.

"Huyo anavuka sasa hivi."

"Una hakika, mama?"

"We mwanangu! Unaniuliza mimi?"

Haikuwa ndege. Jirani zetu akina Hostetter walikuwa kwenye bwawa la mlimani wakikata barafu ya kuhifadhi, na mwaka ule ndio kwanza wamenunua msumeno wa petroli. Kabla ya hapo kazi ile ilifanywa kwa mikono na farasi, na hakuna aliyefikiria kumwambia Salome.

Wanaume wote wa bonde tulivuka mlima kumtafuta Tate. Tulihangaika huko mpaka ndevu zikaganda, tukimwita kwenye korongo ambazo hajawahi kuzifikia. Upande wetu hakuangalia mtu. Aangalie nini, wakati Salome keshasema kapita? Habari za msumeno zilipotufikia, theluji nyingine ilikuwa imeshaanguka juu ya ile ya kwanza, na mimi nilikata tamaa palepale.

Enos ndiye aliyemkuta, keshakufa kwa baridi, chini ya malisho yake mwenyewe, kando ya uzio. Ndege ilikuwa imeangukia msituni. Mguu ulivunjika, naye akaja akijiburuta kwa tumbo njia yote ile.

Salome aliteremka bila koti. Alipiga magoti, akampangusa theluji usoni kwa aproni yake, akamtazama sana.

"Mbona mtoto hivi?" alisema. Kisha akauliza, "Alikuwa anakwenda wapi?"

Enos hakutaka kusema, lakini huko hakuna nyumba nyingine.

"Kwetu, mke wangu. Alikuwa anaifuata taa yetu."

"Aliita?"

"Salome, twende ndani."

"Nakuuliza, Enos. Aliita?"

"Hakuita," Enos alisema. "Angeita, wewe ungemsikia."

Alisema vile kumliwaza, maskini. Salome alilia kilio ambacho sijapata kukisikia kwa mtu mzima, na tulipomwinua hakutaka kuondoka pale.