Rota ya Amoni na Rojo la Migomba

Amoni Mwaipyana alirudi kijijini kwao Ikuti mwaka 1994 akiwa na sanduku la bati, mabuti ya mpira na cheo ambacho hakuna aliyewahi kumpa. Kiwanda cha karatasi alichokitumikia miaka kumi na mmoja kilikuwa kinapunguza watu, kama mashirika mengine ya umma wakati ule, na kilianza na wale ambao kukosekana kwao kusingeonekana. Nyumbani hakueleza hivyo. Alisema alikuwa "upande wa rota". Kwa kuwa Ikuti nzima hapakuwa na mtu aliyejua rota ni nini, wakamwita Injinia, naye akaitika.

Rota ni kitu cha kawaida. Kiwandani vipande vya miti huchemshwa na kusagwa hadi viwe rojo, na rojo hupitishwa kwenye chujio, yaani pipa la chuma lenye matundu madogo, ili mabonge yabaki nyuma. Matundu huziba upesi. Kwa hiyo ndani ya chujio huzunguka mhimili wenye mapanga, kazi yake kuyaweka wazi. Huo mhimili ndio rota. Ikishindwa, mashine husimamishwa, kifuniko hufunguliwa, na mtu huingia na mpira wa maji kuosha matundu.

Mtu huyo alikuwa Amoni. Rota zilichorwa na wengine.

"Karatasi yote mnayofungiwa maandazi imepita mikononi mwangu," alipenda kuwaambia watu, na kwa kweli hapo hakudanganya.

Mkewe Ikupa ndiye pekee aliyejua. Alinyamaza miaka minne, kwa sababu uongo wa mumewe ulikuwa haumli mtu wala haunywi cha mtu. Kisha mwaka 1998 ukaanza kula.

Kikundi cha akina mama cha Msasani, mjini Tukuyu, kilikuwa kimepewa mota ya umeme na wafadhili walioandika katika ripoti yao kwamba migomba ya Rungwe ni utajiri uliolala. Akina mama wakauamsha. Walikata migomba iliyokwisha kuzaa, wakaichemsha, wakaiponda, wakatengeneza karatasi za kadi za harusi. Mteja wa Dar es Salaam alirudisha kadi zote. Alisema bibi harusi wake hana tetekuwanga, iweje kadi iwe nayo.

"Yale mabonge yanataka chujio la mashine," alisema mwenyekiti wao, Felista, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kwaya. "Na injinia tunaye, anakaa tu Ikuti anapiga soga."

Amoni alikuja na penseli sikioni. Alichora rota kama feni: mapanga manne bapa, yamenyooka, yana makali. Alichagua feni kwa sababu ofisini kwa mainjinia ndicho kitu kilichokuwa kinazunguka. Fundi wa kuchomelea akaitengeneza kama ilivyochorwa, akaifunga ndani ya chujio la bati lenye matundu. Mota ikawashwa. Dakika nane baadaye nyuzi za migomba zilikuwa zimejiviringisha kwenye mapanga kama nywele kwenye kitana, na matundu yote yameziba. Amoni akaongeza mapanga yakawa sita. Dakika tano. Akayasogeza karibu zaidi na chujio. Dakika tatu.

Yunusu, mwenye duka la nafaka mtaa huohuo, alikuwa akipita kila siku kuitazama mota kama mtu anayemtazama mchumba wa mwenzake.

"Mama Mwenyekiti, hiyo ni mota ya kusaga mahindi," alisema. "Hamwoni inavyolia? Inataka unga. Nipeni mimi, tugawane faida."

"Subiri tufiwe kwanza ndipo utuletee pole," Felista alimjibu. Lakini wanachama walikuwa wamechoka kufungua kifuniko. Kikao kiliamua kwamba Jumamosi mashine ipitishe pipa zima la rojo bila kufunguliwa. Ikishindwa, mota iende kwa Yunusu na Injinia aende kwao.

Ikupa alimwambia mumewe aseme ukweli angali na muda.

"Niseme nilikuwa naosha?" aliuliza Amoni. "Miaka minne wananipa kiti."

"Watakutafutia kiti kingine. Kwani ulikuwa unaiba?"

Alhamisi alasiri alikwenda kunywa kimpumu kwa jirani. Pombe hiyo ya ulezi hunywewa chunguni kwa mirija, pumba zikiwa bado ndani. Mrija wake ukaziba. Kwa jinsi alivyokuwa na hasira akavuta kwa nguvu, mashavu yakaingia ndani, kisha akavuta tena.

"Injinia wa wapi huyu!" alicheka mwenye chungu, bibi kizee Alinanuswe. "Ukivuta unazidi kushindilia. Puliza zirudi, halafu vuta!"

Amoni akapuliza, pumba zikatoka. Akabaki ameshika mrija. Jambo hilo alikuwa akilijua kwa miaka kumi na mmoja. Tundu la chujio halioshwi kwa mbele; ukilielekezea maji mbele unazipigilia nyuzi. Huoshwa kwa nyuma, zirudi zilikotoka. Hakuna injinia aliyewahi kumwambia hivyo. Alijifunza kwa mpira wa maji, na kwa wiki mbili za majaribio alikuwa ameyaona hayo kuwa maarifa ya mwosha matundu, yasiyofaa kuchorwa.

Ijumaa asubuhi alifika kwa fundi na Felista yupo. Alitaka bomba la maji lipasuliwe katikati kwa urefu. Nusu bomba liwe pua ya panga, mviringo, ili nyuzi ziteleze badala ya kunasa. Nyuma ya pua uchomelewe mkia wa bati unaokwenda ukijitenga na chujio. Pua ikipita inasukuma rojo litoke. Mkia ukifuata unaacha nafasi, na nafasi hiyo inavuta nyuzi zirudi ndani. Mapanga yawe mawili tu.

"Hii haifanani na ile ya kwanza hata kidogo," alisema Felista. "Hii umesomea wapi?"

"Sikusomea, mama. Nilikuwa nashika mpira wa maji. Naosha. Ile ya feni niliitunga."



"Kwa hiyo wiki mbili tumefungua kifuniko kwa ajili ya aibu yako?" aliuliza Felista.

"Ndiyo."

"Basi Jumamosi, ikiziba, utaifungua wewe."

Haikuziba. Pipa zima lilipita kwa dakika arobaini, na karatasi iliyotoka ilikuwa laini kiasi kwamba akina mama waliipitisha mkono kwa mkono. Felista akatangaza kwamba pipa la pili litapita sasa hivi, na kwamba kuanzia Jumatatu Amoni ataajiriwa kutunza rota na kuosha chujio kila jioni, kazi zote mbili.

"Kuosha naweza," alisema Amoni.

Yunusu alisimama mlangoni hadi nusu ya pipa la pili. Kisha akauliza kama kuna mtu anayejua bei ya mota Kyela, akaenda stendi kutafuta basi la huko.