Panya Wazee na Mkono wa Kulia

Mama alipopata kiharusi shambani kwake, juu milimani Uluguru, watu walimlaza ndani wakaanza kumsubiri mjomba. Sisi tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwetu mgonjwa hashushwi mlimani kabla kaka yake hajatoa neno. Kaka mwenyewe alikuwa mjini, Kihonda, na simu yake ilikuwa imezimika. Mama alifika hospitali kesho yake mchana.

Mimi wakati huo nilikuwa maabara mjini, nikijaribu dawa ya ugonjwa huohuo kwa panya. Panya wetu walikuwa madume vijana, hawana presha wala sukari. Tukiwaziba mshipa wa ubongo wakiwa wamepewa dawa ya usingizi, tunawapa tiba papo hapo, kisha wakikimbia vizuri tunapongezana. Baada ya yaliyompata mama nilicheka kwa hasira. Panya gani huyo aliwahi kumsubiri mjomba?

Mama alipata nafuu, akatembea, na daktari akafurahi. Lakini mkono wa kulia ulibaki umelegea, na mama hakukubali kutia wa kushoto kwenye sinia mbele za watu. Akawa anakula jikoni peke yake, amegeukia ukutani. Hilo liliniuma kuliko kiharusi chenyewe.

Nikamfuata mkuu wa maabara. Nilitaka panya majike waliozeeka, wenye presha, tiba yao icheleweshwe. Na badala ya mbio tupime kama mguu wa mbele ulio dhaifu unaweza kuchukua chakula.

"Kwa vikongwe hao dawa yetu itaonekana mbovu," alisema.

"Bora iumbuke hapa, mkuu, kuliko wodini."

Aliguna, akakubali. Na kweli iliumbuka. Wenzangu walinuna, mimi nikafurahi, maana sasa tulikuwa tunaambiwa ukweli. Tukajaribu mazoezi: mguu mzima tunaufunga kitambaa, ule dhaifu uhangaike na mbegu za alizeti. Baadhi ya vikongwe wakaanza kuzichukua, polepole, hata waliocheleweshewa tiba.

Mama si panya, najua. Ila mtaalamu wa mazoezi hospitalini alikuwa ameshamwagiza jambo hilohilo, mama akalipuuza. Nilichokipata maabara ni moyo wa kumsumbua. Kila Jumamosi nilipanda mlima, nikamfunga mkono wa kushoto kwa kanga, nikamwekea bakuli la maharage ayatoe moja moja. Alinisema kwa Kiluguru mpaka majirani wakacheka.

Pasaka ilipofika, wadogo zake walikuja na wajukuu wakajaa. Sinia lilipowekwa, mama alitoka jikoni, akaketi kati yetu, akanawa mkono wa kulia. Tonge la kwanza lilianguka. La pili likaishia kifuani. Mama mdogo akanyoosha mkono amlishe, nikambana goti aache.

La tatu lilifika. Mama alitafuna taratibu, macho yake kwenye sinia.

"Chakula kile cha jikoni," akasema, "kilikuwa hakinishibishi."