Bibi Zamda Alivyokufa Saa Sita Kasoro Robo

Bibi Zamda wa Sindeni, Handeni, ana miaka sabini na mbili, analima ekari mbili za mahindi kwa jembe la mkono, na hajawahi kushindwa ubishi na mtu isipokuwa mimi, mpwa wake. Hata mimi nilimshinda mara moja tu, siku anaumwa jino. Ni Muislamu wa swala tano, lakini mjukuu wake Husna alipofaulu usaili wa shule ya masista kule Korogwe, alisema, "Hesabu haina dini. Ataenda."

Kikwazo ada. Tuliuza mbuzi wawili na mahindi yote ya akiba, tukapata nusu. Na barua ya shule ilisema wazi: asiyelipa yote ya muhula mpaka Jumatatu saa sita mchana, nafasi yake anapewa mwingine.

Basi Jumatatu hiyo tuko ofisini, sanduku la bati la Husna nimelibeba mimi kichwani. Nina shingo ya chuma, waulizeni Handeni nzima. Mhasibu, kijana anaitwa Jonathan, akahesabu zile fedha, akatikisa kichwa.

"Bibi, tunapunguza nusu kwa mtoto aliyefiwa na mlezi tu. Wewe upo."

"Kwani kuwepo kwangu ni kosa?"

"Ndiyo utaratibu, Bibi."

Mara akaingia Mkuu wa Shule, Sista Catherine. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kwenu wapi, mwanangu?"

"Tabora. Mimi Mnyamwezi."

Jamani! Ningekuwa na filimbi ningepuliza. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipopita kwetu na mizigo ya misafara wakienda pwani. Mtani akikutukana hukasiriki. Siku ya msiba akijilaza kaburini, hatoki mpaka mmpe kitu. Haya sikuyasoma, shule niliiacha darasa la tano, ila nayajua kuliko maprofesa.

Bibi akatazama saa ya ukutani. Sita kasoro robo. Akatandika kanga sakafuni, akalala chali pale mlangoni, akafumba macho.

"Nimekufa," akatangaza. "Mnyamwezi kaniua kwa ada. Babu zake tuliwapa maji bure, haya ndiyo malipo."

"Yalikuwa na viluwiluwi hayo maji!" Sista akarusha papo hapo, mikono kiunoni. "Babu yangu aliharisha mpaka Bagamoyo!"

"Aliharisha kwa ulafi. Alitumalizia mihogo shamba zima."

Jonathan akainama amwinue. Sista akamdaka mkono. "Usiguse maiti. Utani huu si wa kwenu."

"Sista, anapumua!"

"Unaona hivyo kwa sababu wewe si mtani." Akageuka, sauti ya msibani kabisa. "Maskini Husna, kafiwa na mlezi mbele ya macho yetu. Andika nusu ada. Hiyo iliyopunguzwa nitaiombea kwenye mfuko wa parokia. Ila marehemu ajue, mirathi ni yangu: mavuno yakija, magunia mawili ya mahindi yaje jikoni kwetu."

"Chukua moja," marehemu akasema. "La pili lina dumuzi."

"Mawili! Na dumuzi wake nitawala."

"Na fomu ya mlezi anasaini nani?" Jonathan akauliza, jasho linamtoka.

"Mlezi."

"Mlezi si kafa, Sista?"

Bibi akanyoosha dole gumba bila kufumbua macho. Yule kijana akapiga magoti, akalipaka wino, akaligandamiza kwenye karatasi taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Mimi nikatia sahihi ya shahidi, ile sahihi yangu yenye mikia mitatu. Zilibaki dakika mbili kufika saa sita.

Husna alikuwa kajibanza pembeni, uso kauficha kwenye mtandio, hujui analia au anacheka. Akasogea, akachutama karibu na sikio la bibi yake.

"Bibi, utafufuka lini?"

"Ukimaliza kidato cha nne. Nenda darasani, unanichelewesha kuoza."

Akaenda, na sanduku lake.

Tulipofika stendi, konda wa basi la Handeni akadai nauli za watu wawili. Bibi akamwambia maiti hulipiwa na wafiwa, akapanda, akachagua kiti cha dirishani. Nikalipa mimi.