Deki Moja, Televisheni Tatu na Kadi Yangu ya Kliniki

Nimesoma siri za watu kwenye ukurasa huu mpaka nimeona aibu kuendelea kuificha yangu. Naomba jina langu lisitoke, na la mtoto nimelibadilisha. Mimi ni mke wa mtu, nina miaka ishirini na tisa na wasichana wawili. Ninaishi Ruring'u, hapa Nyeri, katika boma la wakwe zangu. Mume wangu ni fundi wa redio na televisheni. Duka lake liko Kutus, kwa hivyo anakuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri.

Mwaka juzi alinunua deki ya video, akaiweka sebuleni kwetu, kisha akapitisha waya mweusi wa antena juu ya ua hadi nyumba ya mama yake, na mwingine hadi kwa ndugu yake. Kaseti zote za familia zikaletwa kwenye kabati langu: harusi, ubatizo, kwaya, mazishi. Nikiweka kaseti, nyumba tatu zinaona picha ile ile kwa wakati mmoja. Majirani walisifu sana. Hakuna aliyeuliza nani atakuwa mtumwa wa mashine hiyo. Niko jikoni, mikono imejaa unga, nasikia mama mkwe, ambaye sote tunamwita Maitu, akiita kutoka kwenye ua, "Mama Wairimu, rudisha nyuma kidogo, nilikuwa nakamua ng'ombe." Nikirudisha, shemeji naye anaita kwamba hapo ameshaona. Nikizima, Maitu anajua nimetoka, na nikirudi nitaeleza nilikuwa wapi na nani. Kwa mama yangu, huko Kiriaini, sijalala hata siku moja tangu waya huo upite.

Haya yote ningeyavumilia. Shida yangu hasa ni nyingine.

Nilipojifungua binti wa pili nilitokwa na damu hadi nikapoteza fahamu. Daktari alituita mimi na mume wangu, akatuambia wazi kwamba mimba nyingine inaweza kuniua. Tulipofika nje mume wangu akasema, "Daktari si Mungu. Mama alizaa tisa." Najua kilichokuwa moyoni mwake. Kwetu kijana wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba, na baba mkwe alifariki kabla jina lake halijarudi kwa mjukuu. Sikubishana. Nilienda kliniki kimya kimya, nikaanza kuchomwa sindano ya kupanga uzazi kila baada ya miezi mitatu.

Kutoka bila Maitu kujua kulikuwa na njia moja tu. Kaseti ya harusi yetu ni ya saa tatu, na hiyo ndiyo pekee ambayo haombi irudishwe nyuma. Anaiangalia ametulia kama yuko kanisani, kwa sababu mzee wake yumo, yuko hai, anahutubia. Siku ya sindano naiweka, natoka kwa mlango wa nyuma, naenda mjini na kurudi kabla haijaisha. Mkitaka kunihukumu, nihukumuni hapo. Katika hotuba hiyo mzee anasema, "Mimi sina haraka ya kufa. Nangoja kijana mwenye jina yangu anishike mkono." Nilimwacha mjane akisikiliza maneno hayo huku mimi niko kwenye foleni ya sindano.

Mara ya tano nilirudi nikamkuta Maitu kwenye kiti changu, kadi ya kliniki iko mapajani mwake.

"Kaseti ilikwama mzee akisimama," akasema. "Nimeita, nimeita, hakuna mtu. Nikakuja kutafuta ile ingine."

Ile ingine ni nakala ya harusi hiyo hiyo. Kadi, ambayo siku hiyo nilisahau kuibeba, nilikuwa nimeificha ndani ya kasha lake, nikijua kabati ni langu na hakuna anayeigusa nakala. Kumbe mficha siri ndiye huwa wa kwanza kujidanganya. Maitu anasoma Biblia bila miwani, kwa hivyo sikuwa na la kusingizia. Nilimweleza yote, damu na maneno ya daktari, nikalia.

Maitu aliikunja ile kadi. "Mimi nilizaa tisa," akasema. "Nikazika wawili. Hakuna siku mtu aliniuliza ati kama niko na nguvu." Akanishika mkono. Nilidhani nimeokoka. Kisha akaendelea kwa sauti ile ile ya upole. "Lakini jina ya mzee haitapotea nikiangalia. Zaa huyo kijana mmoja, halafu mimi mwenyewe nitakupeleka hospitali wafunge kizazi. Nakupa mpaka Pasaka. Kama hakuna kitu, mwanangu ataona hii kadi."

Aliondoka nayo. Tangu siku hiyo anakuja kuangalia video kwangu, anasema picha ya hapa ni safi kuliko ya kwake. Anakuja baada ya chai ya asubuhi na kuondoka jioni. Ananisaidia kuchambua maharagwe, ananiletea maziwa, na nikivaa viatu anauliza tunaenda wapi. Ningekuwa na mama mkwe mkali ningejua jinsi ya kumchukia. Sindano yangu ilitakiwa wiki tatu zilizopita.

Nikimwambia mume wangu ukweli, naogopa atanirudisha Kiriaini na kubaki na watoto. Nikinyamaza na kutii, huenda wasichana wangu wakalelewa na kumbukumbu ya mama kwenye kaseti. Nyinyi mliopitia haya, nishaurini, nifanye nini? Mume wangu alipokuja Jumamosi ya kwanza nilisingizia kichwa, ya pili tumbo, ya tatu mgongo. Keshokutwa ni Jumamosi tena, na sijui niseme ninaumwa wapi.