Sahihi ya Bu Hartinah

Rukmiyati alikuwa na sahihi mbili. Moja ilikuwa yake mwenyewe, na mara ya mwisho kuitumia ilikuwa siku ya kuchukua cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Nyingine ilikuwa ya Bu Hartinah, yaani Bi Hartinah, mwalimu wa darasa la tatu, na hiyo aliitia karibu kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja kwenye kitabu cha mahudhurio: H kubwa yenye kitambi, mstari unaopanda kama njia ya kwenda shambani, na nukta mbili mwishoni. Mwanzoni zile nukta mbili zilimsumbua, mara zikae juu sana, mara zigusane. Baadaye mkono ulijiendea wenyewe.

Lilianza kama jambo dogo. Huku kwetu kwenye mteremko wa mlima Sumbing, tumbaku ikiiva mtu habaki na akili ya kitu kingine. Majani yanavunwa, yanalazwa yapate rangi, yanakatwa alfajiri na kuanikwa kabla wingu halijashuka. Hartinah alikuwa mwalimu wa serikali, lakini alikuwa pia mke wa Pak Wiryo, yaani Bwana Wiryo, mfanyabiashara wa tumbaku, na msimu ukifika nyumba yake ilijaa wakataji wa kulishwa na kusimamiwa. Akamwendea Ruk, waliyekaa naye dawati moja tangu utotoni. Ruk alikuwa na cheti cha ualimu kilichokaa sandukuni kikila vumbi.

"Ruk, dada yangu, nishikie darasa. Wiki mbili tu."

"Na kitabu je? Niandike jina langu?"

"Jina lako la nini tena? Nafasi yangu ikibaki wazi nitaulizwa maswali. Tia tu sahihi yangu. Mimi na wewe tuna siri gani?"

Ruk hakuipenda ile habari. Lakini huku kwetu kumwambia "hapana" mtu mliyekula naye chungu kimoja ni kazi kuliko kubeba mawe, na wengi tumejikuta ndani ya mambo ya ajabu kwa sababu tu tulishindwa kufungua mdomo. Akatia sahihi. Wiki mbili zikawa mwezi. Baada ya kukata tumbaku kukawa na wanunuzi, baada ya wanunuzi mama mkwe akapooza, kisha miche, kisha msimu mwingine huo ukaingia. Mwisho Hartinah akawa mtu wa kuonekana shuleni Jumatatu mojamoja za kupandisha bendera na siku za mitihani, sare yake ya kaki imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

Darasa la tatu likawa la Ruk. Yeye ndiye aliyewatoa watoto kwenye kuunganisha silabi akawafikisha kwenye kusoma. Yeye ndiye aliyejua nani amekuja bila kula na nani analala akiwa amekaa. Kila mwezi Hartinah alimtumia bahasha nyembamba, na siku za sikukuu kuku. Pak Suyitno, mwalimu mkuu, alijua yote. Angekosaje kujua, na chai ya kwa Pak Wiryo alikuwa anaijua sukari yake? Alikuwa akisema, "Watoto wanasoma, wazazi wametulia, mnataka nini zaidi?"

Alichotaka Ruk kilikuwa kimoja: kuajiriwa. Alitaka jina lake liwe kwenye orodha ya wilaya, asiwe mtu wa kuitwa na kuachwa. Hartinah alilijua hilo vizuri. Mwaka wa nne alimletea kitambaa cha kaki, kizuri, cha mita tatu.

"Kiweke," alimwambia. "Siku serikali itakapofungua mlango, mimi mwenyewe ndiye nitakayekusukuma uingie. Siku hiyo ukashone."

Ruk alikiweka miaka saba, kimekunjwa na majani ya pandani yenye kunukia, nondo wasikile.

Mlango ukafunguliwa mwaka wa kumi na mmoja, mwezi wa sita. Tangazo lilisema walimu wa kujazia waliofundisha miaka mitano mfululizo wataajiriwa bila mtihani. Walitakiwa ushahidi: kitabu cha mahudhurio, au barua ya mwalimu wa kudumu waliyefanya naye kazi, yenye muhuri wa mwalimu mkuu. Ruk alilisoma tangazo mara tatu akiwa amesimama, kisha akaenda moja kwa moja kwa Hartinah. Alimkuta uani akihesabu nyungo za kuanikia.

"Har, umesikia?"

"Nimesikia, nani asiyesikia? Dada, ushaula! Kanunue viatu."

"Kitabu hakina jina langu. Itabidi uniandikie barua."

Hartinah aliendelea kuhesabu mpaka ungo wa mwisho. "Barua tu hiyo? Nitaandika. Nitampelekea Pak Suyitno mwenyewe, wala usihangaike."

Ruk akarudi nyumbani kwa miguu myepesi. Mumewe, Giman, alikuwa akikatia mbuzi majani.

"Umeisoma hiyo barua?" aliuliza.

"Ataandika, Pak. Har huyu huyu, si mtu wa barabarani."

"Mimi nimeuliza kama umeisoma."

"Na wewe nawe! Unadhani kila mtu ni mnunuzi wa mbuzi?"

Giman akacheka, akarudi kwa mbuzi wake. Kesho yake Ruk akapeleka kitambaa kwa fundi, akapimwa mabega na kiuno, na fundi akamtania kwamba mshahara wa serikali unanenepesha, bora aache nafasi kwenye mshono. Ruk alicheka kutwa nzima. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na alijiona kama msichana aliyeposwa.

Afisa wa wilaya, Pak Bagyo, alifika Jumatatu, baada ya bendera. Wakakaa ofisini watu wanne: afisa, Pak Suyitno, Hartinah katika sare yake, na Ruk katika blauzi ya maua aliyoiazima kwa shemeji. Afisa alifungua kitabu cha mahudhurio, akapekua mwaka baada ya mwaka. Kila ukurasa, kwenye darasa la tatu, H yenye kitambi, mstari unaopanda, nukta mbili.

"Bu Rukmiyati, humu sikuoni," alisema.

"Ndiyo, Pak. Ndiyo maana kuna barua."

"Barua ninayo." Akaivuta kwenye faili, akaisoma kwa sauti ileile ya kusomea matangazo. "Mimi, Hartinah, mwalimu wa darasa la tatu, ninathibitisha kuwa Rukmiyati ninamfahamu kama jirani mwema. Kwa miaka kadhaa amekuwa akija shuleni kusaidia usafi na kuwapikia walimu chai, na mara chache alikaa na watoto nilipopata dharura. Darasa nimelifundisha mwenyewe bila kukosa."

Ruk alidhani amesikia vibaya. Akamtazama Pak Suyitno, akidhani naye atashtuka. Pak Suyitno alikuwa anafuta miwani.

"Chai, Har?" Ruk alisema. "Mimi nilikuwa napika chai?"

"Ruk, usinitazame hivyo."

"Nikutazameje? Nionyeshe basi, nikutazameje?"

"Nina watu nyuma yangu," Hartinah alisema akiangalia mikono yake. "Ningeandika vingine, kazi ningekuwa nayo mimi?"

Afisa alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Ruk akamgeukia.

"Pak, darasa ni hilo hapo, ukuta kwa ukuta. Waulizeni watoto mwalimu wao ni nani."

"Watoto si hati, Bu. Hati ni kitabu."

Ilikuwa imebaki kusema neno moja tu, kwamba zile sahihi ni za mkono wake. Lilikuwa ulimini tayari. Pak Suyitno akavaa miwani yake, akatazama dirishani, akazungumza polepole kama anayezungumzia mvua. "Kutia sahihi ya mtu mwingine ni jela, sote tunalijua hilo. Nafurahi shule yetu haina mambo hayo."

Ndipo Ruk alipoelewa jinsi alivyofungwa, na kwamba kamba alikuwa ameisokota mwenyewe, asubuhi moja baada ya nyingine, huku wao wakimshikia ncha na kumsifu. Kila siku aliyofundisha ilikuwa ushahidi wa Hartinah. Alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa miaka kumi na mmoja na akashukuru. Hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia Hartinah dakika ile, na bado aliona kwamba ukosi wa sare yake umekaa upande, na vidole vikamwasha kuutengeneza kama alivyokuwa akifanya tangu wakiwa wadogo.

"Basi," afisa alisema, akasukuma karatasi mezani. "Hapa ni kwamba umeliondoa ombi lako mwenyewe. Ni vizuri kwako pia, faili halitabaki na doa. Tia sahihi."

Ruk alichukua kalamu. Ilikuwa ileile ya kitabu, iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Macho yalikuwa yamejaa maji, haoni mstari, lakini mkono ulikuwa haujawahi kumhitaji. Ukaandika, akaisukuma karatasi.

Afisa aliitazama. Akafungua kitabu, akaiweka karatasi kando ya ukurasa wa wiki iliyopita. Kisha akaivuta barua ya Hartinah, akaiweka kando ya vyote viwili.

Kwenye karatasi ya Ruk kulikuwa na H yenye kitambi, mstari unaopanda, na nukta mbili. Kitabuni kulikuwa na H yenye kitambi, mstari unaopanda, na nukta mbili. Kwenye barua ya Hartinah kulikuwa na H nyembamba iliyochoka, na hakuna nukta hata moja.

Shingo ya Hartinah iliingia rangi mpaka masikioni. Ruk aliona walichokiona. Sasa wanajua, alijiambia. Sikusema mimi, mkono ndio umesema. Sasa watafanya nini?

Afisa aliikunja karatasi ya Ruk mara mbili, akaichana vipande, akavitia kwenye kikombe chake kilichobaki na masalio ya kahawa. Kisha akatoa karatasi nyingine, isiyo na sahihi, inayofanana na ya kwanza.

"Umekosea, Bu," alisema kwa upole. "Weka ya kwako."

Huo upole ndio uliommaliza. Angefokewa angepata pa kushika. Ruk alikaa na kalamu mkononi muda mrefu, kwa sababu sahihi yake mwenyewe haikuja. Alijaribu hewani, juu ya meza. Mwisho akaandika jina lake lote kwa herufi za kuunganisha, taratibu, herufi kwa herufi, kama alivyowafundisha watoto wa darasa la tatu: Rukmiyati.

Kengele ikalia. Akachukua mfuko wake akatoka, wala hakuaga. Hartinah alimfuata barazani.

"Ruk. Tutaongea jioni, nitakuja nyumbani. Ruk! Watoto wako ndani."

"Wako ndani, eeh. Mwalimu wao si ni wewe?"

Alivuka uwanja. Alikuwa amefika langoni aliposikia sauti ya Hartinah kutoka darasani, ikiita majina kwenye orodha kama mtu anayesoma chapa za magunia. Akaita Galih, wakaitika wawili, wa kijiji cha juu na wa kijiji cha chini, darasa likacheka. Akaita Wening. Kimya. Akaita tena.

"Wening ni nani? Si wewe hapo? Nakuita huitiki! Nyumbani hamfundishwi adabu? Simama!"

Ruk alisimama langoni. Akajiambia aende zake. Giman alikuwa anasubiri, fundi alikuwa pengine ameshakata kitambaa, na hii haikuwa tena shughuli yake. Akageuka, akavuka uwanja kurudi, akaenda mpaka dirishani. Watoto wakainuka wote kwa pamoja, "Bu Ruk! Bu Ruk!" Wening alikuwa amesimama mstari wa nyuma, alikohamishwa asubuhi ile Hartinah alipowapanga watoto upya kwa ajili ya afisa.

"Sikio lake la kushoto halisikii," Ruk alisema. "Anakaa mbele, upande huu. Mwaka mzima anakaa hapo."

Hartinah alikuja dirishani na orodha mkononi. Jasho lilikuwa limemtoka. Nyuma yake watoto walikuwa wameanza kupanda madawati.

"Dada," alinong'ona, "yaliyotokea yametokea. Nishikie leo tu. Kesho wakataji wanaanza, ukinishikia na wiki hii nitakulipa vizuri. Nakuomba."

Ruk alimtazama. Akanyoosha mkono kupitia vyuma vya dirisha, akautengeneza ule ukosi wa kaki uliokaa upande, akaulaza vizuri.

"Kesho ukitia sahihi," alisema, "usisahau nukta mbili."