Jiwe Alilokalia Jirani Yangu

Sikumbuki kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea jirani yangu wa Gitega, na wivu wenyewe ulikuwa wa samaki.

Ilikuwa miaka ya vita. Mimi, fundi cherehani, nilikuwa nimetoka Muyinga na mke wangu. Jirani yangu, Mkongomani, alitoka Uvira, akiuza mitumba. Barabara zikifungwa na soko likikosa watu, tulikwenda kuvua kwenye bwawa la umeme. Wanajeshi waliolilinda walituruhusu kukaa ukingoni hadi saa tisa mchana.

Vifaa vyetu vilifanana: ufito wa mwanzi, mshipi, ndoano, kizibo cha chupa cha kuelea. Hata nyungunyungu tulichimba shimo moja. Lakini yeye alikaa juu ya jiwe lake, mimi hatua kumi kando, na samaki walikwenda kwake tu. Kizibo changu kilitulia kama kimepigiliwa misumari.

"Sheikh," aliniita hivyo kwa utani, "ndoano yako iko inafunga Ramadhani?"

Siri yake hakunificha. Akifika tu, alimwaga mbele ya jiwe kopo la machicha ya mtama, yale yanayobaki pombe ikishachujwa.

"Chukua na weye. Samaki haulizi dini."

Nilikataa. Mimi Mwislamu, nipite mtaani na mabaki ya pombe? Ningeweza kuomba kukaa karibu naye. Hilo nalo sikulitaka. Nilitaka samaki wamwache waje kwangu.

Kilichonimaliza kilikuwa nyumbani. Kila mara alimpa mke wangu ngege wawili. "Shika, shemeji. Bwana yako aliwachunga vizuri." Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango, kisha akanigeukia: "Yule ndiye mvuvi. Wewe unakwenda kuota jua." Niliwala samaki wale, nikanyonya hata vichwa, huku nikimchukia aliyewaleta.

Siku moja nilitangulia bwawani. Mwanajeshi wa kizuizi cha njiani akaniuliza mwenzangu yuko wapi.

"Anakuja," nikasema. Ningeishia hapo. Nikaongeza: "Yule Mkongomani anamwaga kitu majini. Mimi sijui ni dawa gani."

Nilijua ni machicha. Nilijua pia kwamba kambi nzima ya wanajeshi ilikunywa maji yale, na kwamba kwetu, sumu ikishatajwa, hakuna anayesubiri ushahidi.

Alipofika na kopo lake walimkamata. "Ni machicha, afande! Mi naonja mbele yako! Muulize sheikh, anajua!"

Waliniuliza. Nilitazama kizibo changu, nikasema sijui.

Walimvunjia ufito, wakamweka kambini siku mbili, wakamwonya asionekane tena pale. Wiki ileile alichukua familia yake akaondoka Gitega.

Nilikalia jiwe lake. Siku mbili nilivua kuliko nilivyowahi kuvua maishani. Ya tatu, nadhani machicha yake yalikuwa yamekwisha, kizibo kikatulia tena. Mke wangu alitazama kapu tupu, akauliza, "Shemeji ameondoka bila kuaga. Mlikosana?"

"Hata," nikamjibu.

Vita vilipopoa nilirudi Muyinga, na mtu wa kwanza kunikumbatia sokoni alikuwa yule jirani yangu, akitoka nyuma ya rundo la mashati. Nilianza kuomba radhi kwa kumkana siku ile. Alinikatiza.

"Acha, sheikh. Ulikuwa mbele ya bunduki. Hata mi ningesema sijui." Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Kitu kimoja tu kinaniuma. Nani alienda kunisema? Mi nilimkosea nani pale Gitega?"

Alinitazama kama mtu anayeuliza njia. Hakukuwa na bunduki siku hiyo.

"Sijui," nikasema.

Tuliishi mji mmoja hadi alipofariki. Tulipokutana aliniuliza kama bado navua, nami nikamwambia niliacha, na hilo lilikuwa kweli. Jibu la lile swali lingine nilikwenda nalo hadi mazikoni kwake, nikarudi nalo.