Nilimwambia Mama Mkwe Kifuniko cha Kioo Kinavumilia Makaa

Admin, jina langu lifiche, mengine yaache yalivyo. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, mjane, naishi Tabora. Huwa mjukuu wangu ndiye anayenisomea ukurasa huu, lakini hiki nimekiandika mwenyewe kwa kidole kimoja, maana sitaki akijue.

Nilizaliwa jirani na Kipalapala, mama yangu akiuza kuni. Nikasilimu, nikaolewa Gongoni kwenye nyumba ya wafanyabiashara wenye asili ya Kiarabu, miaka ile ya Ujamaa ambayo hata sabuni tuliipangia foleni. Mume wangu alinipenda. Mama yake hakunipenda, na hakuona sababu ya kuficha. Nikimwamkia shikamoo mbele ya wageni anageuza uso. Nikipika anaonja kijiko kimoja, kisha anaita kuku wa uani waje wale. "Mkono wa kuni huu," anasema, "unanuka moshi hata ukinawa."

Binti yake wa pekee, nimwite Zuwena, alikuwa ameolewa Maskati. Mwaka mmoja akaja kututembelea na maikrowevu, pamoja na vyombo vyake vya kioo kizito, vyenye vifuniko, vya kupikia humo humo. Watu wakaja kulishangaa lile sanduku mpaka wakachoka. Zuwena hakuwa na makuu. Wiki mbili alinifundisha, sisi wawili tu jikoni: wali unataka maji kiasi gani, kuku wa karanga dakika ngapi, viazi vitamu unavitoboa kwanza kwa uma. Mlo mzima ulifika mezani bila kijiti cha kuni. Akanionya jambo moja. "Wifi, vioo hivi ni vya humu ndani tu. Makaa yasiviguse, vitapasuka."

Alipoondoka, mpishi nikawa mimi. Mama mkwe aliweka bakuli la kioo mbele ya wageni na kuwaambia, "Kuleni, huu ni mkono wa binti yangu kutoka Maskati." Mimi nimesimama pale pale na kitambaa cha kushikia chombo, vidole vimeungua. Mkono ambao chakula chake kilikuwa cha kuku, sasa mama mkwe anaulambia vidole, na bado si wangu.

Ijumaa moja alialika jamaa zake chakula cha mchana. Wali ukiwa nusu, umeme ukakatika. Maji yamekauka, punje bado ina kiini, na wageni wanavua viatu mlangoni. Vijana wa gesi huenda hamjui: wali ukifika hapo unaufunika, unapanga makaa ya moto juu ya kifuniko, unamalizikia kwa mvuke wake. Ndiko kupalia. Mama mkwe akasogeza jiko la mkaa, akashika koleo, akanitazama. "Hiki kifuniko kinavumilia makaa?"

Hakuwahi kuniuliza kitu tangu niingie nyumba ile. Nilitaka kipasuke. Nilitaka wageni wake wakae na njaa, na sifa za Zuwena ziishie sakafuni. Nikasema, "Kinavumilia, Mama. Wifi alinionyesha."

Akapalia mwenyewe, ameinama. Kifuniko kililia mara moja tu, kikapasuka. Kipande kikamwingia jicho la kulia, makaa yakamwagikia mikono yake yote miwili. Jicho halikupona, na vidole havikukunjuka tena.

Zuwena akaandika barua kwamba alinionya. Mume wangu akaisoma kwa sauti, mama mkwe akanigeukia. Nikachukua msahafu, nikaapa kwamba wifi ndiye aliyesema vinavumilia. Katika nyumba ile mtu akishaapa kwa msahafu, maneno yamekwisha. Tangu siku hiyo jina la Zuwena halikutajwa mbele ya mama yake, na barua zake zilirudishwa. Mimi akaniandikia kupitia rafiki yake: "Wifi, labda nilijichanganya nilipokueleza. Nisamehe kwa mzigo niliokutwisha." Wanangu wawili amewasomesha yeye, anasema ni fidia ya taabu yangu.

Taabu yenyewe ilikuwa kumwogesha mama mkwe na kumlisha, miaka tisa. Akaanza kuniita mwanangu. Akawa hali mpaka tonge litoke mkononi mwangu, mkono ule ule. Nitasema ukweli: nilifurahi sana. Siku anakata roho tulikuwa wawili chumbani. Akasema, "Yule mwambie radhi yangu hana." Ningeweza kumwambia yaliyotokea, alikuwa bado anasikia. Nikanyamaza ili afe akiniita mwanangu. Zuwena nikamdanganya kwamba mama yake mwishoni alishindwa kusema.

Sasa mume wangu hayupo, na anayejua ukweli ni mimi peke yangu. Zuwena ana miaka sabini na kitu, figo zimechoka, madaktari wamemkubalia safari moja tu. Anakuja kuzuru kaburi la mama yake. Kwenye simu aliniambia, "Nimeishi nusu ya umri wangu nikijua nilimtoboa mama yangu jicho. Nitalala chumbani kwako, wifi. Nataka unikumbushe vizuri kama hakunitaja."

Msinitumie aya za toba, ninazijua. Miaka yote hiyo nililala usingizi mzuri, na hata sasa anayenikosesha usingizi si yeye. Naogopa wanangu watanitazamaje. Nikimwambia ukweli, atajua hakuwa na kosa, na atajua pia kwamba mama yake alikufa akimnyima radhi kwa kosa langu. Nikimwambia alisamehewa, atashukuru, atanikumbatia, na nitalazimika kukaa kimya nikiwa nimekumbatiwa.

Anafika Alhamisi. Nishaurini, ndugu zangu. Akiniuliza kama mama yake alimtaja, nimjibu nini?